Namna ya Kukusanya Senti Tano na Senti Kumi Zenye Tundu za Afrika Mashariki, 1921 hadi 1964

Wengi tulioingia katika ukusanyaji wa sarafu tulianza na kopo. Langu lilikuwa la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na shilingi za enzi za ukoloni, sumuni, ndururu, peni za Uingereza, vipande vya nchi ambazo sikuweza kuzisoma hata majina, na sarafu mbili ambazo baadaye niligundua kuwa ni vifungo vya koti. Kopo lilizidi kuwa zito kila mwaka, lakini mtu akiniuliza nakusanya nini sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nakusanya kitu, nilikuwa nalimbikiza. Mwongozo huu unaeleza njia niliyoifuata baadaye, yaani kuchukua mfululizo mmoja wa sarafu, kukata ndani yake kipande kidogo chenye mpaka unaoeleweka, na kukikamilisha.

Mfululizo wenyewe ni ule wa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 kusimamia fedha za makoloni ya Uingereza upande huu. Rupia ilipoondolewa ilifuatwa na florini, ambayo haikudumu, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya senti mia moja. Shilingi hiyo ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar ikaingia mwaka 1936, na Aden nayo ikaipokea mwaka 1951. Iliendelea hadi nchi zetu zilipoanzisha benki kuu na fedha zao wenyewe mwaka 1966. Katika miaka hiyo zaidi ya arobaini ziligongwa senti moja, senti tano, senti kumi, senti hamsini na shilingi, katika viwanda vya nchi tatu, chini ya wafalme watatu na malkia mmoja. Anayetaka kila mwaka na kila herufi ya kiwanda, yaani alama ndogo inayoonyesha sarafu iligongwa wapi, amejitwisha kazi ya miaka mingi, tena yenye vipande vichache vya bei kali ambavyo vitamkatisha tamaa akiwa katikati ya safari.

Kabla ya kununua chochote, andika mpaka wa mkusanyo wako kwa sentensi moja. Ikikulazimu kuandika sentensi ya pili ili kueleza ya kwanza, mpaka haujakaa sawa. Yangu ilikuwa hii: senti tano moja na senti kumi moja kwa kila maandishi ya mtawala, kuanzia shilingi ilipoanza mwaka 1921 hadi sarafu za mwisho za mwaka 1964. Maandishi hayo, yaani jina na cheo cha mtawala, ni ya aina sita ukihesabu na zile za 1964 zisizo na jina la mtawala, thamani ni mbili, kwa hiyo jumla ni sarafu kumi na mbili, ambazo zote hupatikana bila kuuza shamba.

Mpaka mzuri unajulikana pia kwa vile unavyoviacha nje, na kila unachokiacha kiwe na sababu. Senti moja nayo ina tundu na inafanana sana na ndugu zake, lakini haikugongwa kwa jina la Edward VIII wala haikugongwa mwaka 1964, kwa hiyo ukiiingiza utabaki na mapengo mawili yasiyozibika. Senti hamsini na shilingi hazina tundu, zina kichwa cha mtawala, na nyingi kati yake zina fedha ndani, hivyo bei yake hufuata soko la madini badala ya historia. Senti tano na senti kumi za mwaka 1920 ni za florini, na zile zilizotangulia hapo ni za rupia, tena si za bronzi. Zinavutia sana, nami nakiri kuwa ninazo chache, lakini zinakaa katika bahasha nyingine.

Sasa ishike senti kumi mkononi. Ni pana, inakaribia milimita 31 kutoka ukingo hadi ukingo, na ile ya zamani ina uzito wa zaidi kidogo ya gramu 11. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimejikunja kushoto na kulia kwa tundu kama mikono inayokinga kitu, jina la Afrika Mashariki limeandikwa kwa Kiingereza, na mwaka uko chini. Upande wa pili, katika sarafu za wafalme, kuna taji juu ya tundu na jina la mtawala limezunguka. Senti tano, ambayo wazee wengi, hasa wa Kenya, bado huiita ndururu, ni sura ile ile kwa umbo dogo, milimita 25 na nusu hivi. Tundu lenyewe liliwafaa waliotumia sarafu hizo, kwani zilitungwa katika kamba na kubebwa shingoni au kiunoni na watu ambao nguo zao hazikuwa na mifuko. Ukikuta sarafu ambayo ukingo wa tundu umelika upande mmoja na kuwa laini kama uliopigwa msasa, huenda ilikaa katika kamba kwa miaka mingi.

Kukosekana kwa kichwa cha mtawala ndiko kulikozaa kipande kinachotafutwa kuliko vyote katika kundi hili. Mfalme George V alifariki tarehe 20 Januari 1936, mwanawe Edward VIII akarithi, na tarehe 11 Desemba mwaka huo huo akaacha ufalme. Huko Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia katika matumizi, kwa kuwa maandalizi ya picha yalikuwa bado yanaendelea alipoondoka. Sarafu zenye tundu hazikuhitaji picha, zilihitaji jina tu, na jina hubadilishwa haraka. Ndiyo sababu mwanamke aliyeuza ndizi Kisumu au Tanga aliweza kushika sarafu ya mfalme huyo, ilhali muuza magazeti wa London hakuishika. Mbali na Afrika Mashariki, jina lake lilionekana pia katika sarafu za Afrika Magharibi ya Uingereza, Fiji na New Guinea.

Kutokana na kisa hicho, wauzaji wengi hutaja jina la Edward kwa sauti ya chini kana kwamba wanakuuzia siri. Usiogope wala usikurupuke. Senti kumi za Edward ziligongwa kwa mamilioni, na iliyotumika kiasi haipaswi kukugharimu zaidi ya mlo mzuri wa hotelini. Zipo senti kumi zake zisizo na herufi ya kiwanda, zenye H na zenye KN. Senti tano zake zina H au KN. Katika katalogi za kimataifa senti tano hiyo hutambuliwa kwa namba KM 23 na senti kumi kwa KM 24 (KM ni Krause na Mishler, watungaji wa katalogi), namba ambazo zinafaa kuandikwa unapotafuta mtandaoni, kwa sababu wauzaji wa mbali hawaandiki Kiswahili.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Sarafu za mwaka 1936 ziko za aina mbili, kwa sababu mwaka huo ziligongwa pia zenye jina la George V. Nilimwona muuzaji mmoja wa vitu vya kale akiwa na senti kumi ya 1936, nikalipa bei ya Edward kwa kuangalia mwaka tu, na nilipofika nyumbani na kuigeuza chini ya taa nikasoma jina la baba badala ya mwana. Muuzaji hakunidanganya, hakuwa amesema lolote, nilijidanganya mwenyewe. Tangu siku hiyo natumia njia moja ambayo haijaniangusha hata kwa sarafu iliyochakaa: natafuta herufi W. Jina EDWARDVS ndilo pekee katika majina yote ya wafalme wa kundi hili lenye herufi hiyo, na hata maandishi yakiwa yamefutika nusu, mistari minne ya W hubaki ikionekana ukiilaza sarafu ubavu ili mwanga uipige kwa mshazari. Usipoona W, iweke chini na uendelee na safari yako.

Maandishi mengine matano hayana ugumu. George V anaandikwa GEORGIVS V REX ET IND: IMP:, maneno ya Kilatini yanayomtaja kuwa mfalme na kaizari wa India, na sarafu zake ni za 1921 hadi 1936. George VI anatumia maneno yale yale akiwa na namba VI, katika senti tano za 1937 hadi 1943 na senti kumi za 1937 hadi 1945. India ilipopata uhuru mwaka 1947 cheo cha ukaizari kikakosa maana, na kikaachwa rasmi mwaka uliofuata, ndiyo maana sarafu za 1949 hadi 1952 zinasema GEORGIVS SEXTVS REX tu. Hebu fikiri: mabadiliko makubwa ya dunia yameandikwa kwa kupunguza maneno matatu katika ndururu. Malkia Elizabeth II ameandikwa kwa Kiingereza, katika senti tano za 1955 hadi 1963, na kwa senti kumi ni mwaka mmoja tu, 1956. Mwisho ni zile za 1964, ambazo hazina jina la mtawala yeyote, kwa kuwa Tanganyika, Uganda, Zanzibar na Kenya zilikuwa zimekwisha kupata uhuru lakini bado hazijawa na fedha zao.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Kioo cha kukuzia mara kumi, kama kile wanachotumia mafundi saa, kinatosha kusomea herufi za viwanda, ambazo ni ndogo sana na hukaa upande ule wenye mwaka. H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. I ni Bombay na SA ni Pretoria, viwili vilivyotumika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Isiyo na herufi, kwa kawaida, iligongwa London. Mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu nayo ni ya lazima, kwa sababu kuanzia mwaka 1942 sarafu hizi zilipunguzwa unene: senti kumi ikashuka hadi gramu 9 na nusu hivi, na senti tano kutoka zaidi kidogo ya gramu 6 hadi chini kidogo yake. Asiyejua jambo hili akipima senti kumi ya 1943 karibu na ya 1937 ataidhani ya pili kuwa ya kweli na ya kwanza kuwa ya bandia, kumbe zote ni halali. Mpaka nilioueleza haudai uwe na nene na nyembamba za George VI. Ukitaka kuziweka zote mbili, basi iandike upya ile sentensi yako kwanza.

Kuhusu hali ya sarafu, ushauri wangu ni kuchagua kiwango kimoja na kukifuata katika zote kumi na mbili. Kumi na moja zilizochakaa zikikaa karibu na moja inayong'aa kama ya jana hazipendezi, na macho yatakuwa yanakimbilia ile moja tu. Mimi nilichagua kiwango cha kati, ambapo maandishi yote yanasomeka, ncha za pembe za ndovu bado zimechongoka, na walau nusu ya vitone vidogo vya juu ya taji vinaonekana. Taji ndilo linalotangulia kulika kwa kuwa ndilo lililoinuka, kwa hiyo lisome kabla ya kusoma bei. Angalia pia tundu lenyewe. Katika baadhi ya sarafu limetobolewa pembeni kidogo ya katikati, jambo ambalo si kosa la kukataa kununua, lakini halipaswi kukugharimu zaidi isipokuwa wewe mwenyewe unalipenda.

Kipande kitakachokusumbua si Edward kama wengi wanavyodhani. Ni George V aliye katika hali nzuri, kwa sababu nyingi za sarafu zake zilizunguka sokoni kwa miaka thelathini na arobaini na kupita katika mikono isiyohesabika, wakati zile za 1964 zilipitwa na wakati ndani ya miaka michache na ndiyo maana hadi leo unaweza kuzikuta zikiwa na rangi yake ya kwanza. Basi anza na 1964, fuata Elizabeth, rudi nyuma kwa George VI, na umwache George V awe wa mwisho, jicho lako likiwa limekwisha kuzoea. Kwa kuwa unahitaji mwaka mmoja tu, tafuta ile ya miaka yake ya mwisho, kama 1934 au 1935, ambayo ilitembea muda mfupi zaidi.

Mahali pa kutafuta ni pengi kuliko mtu anavyodhani. Maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe Zanzibar na ya mji wa kale wa Mombasa huwa nazo katika sahani au bakuli, zimechanganywa na za nchi nyingine, na hapo mwenye subira hupata kwa bei ndogo kile ambacho juu ya kioo cha kaunta kinauzwa mara tano yake. Salimia kwanza, kaa, chagua kimya kimya, kisha uliza bei ya rundo zima badala ya kuuliza ya moja moja, maana ukiinua moja na kuitazama kwa kioo chako umekwisha kuipandisha thamani. Ndugu zetu walioko Uingereza wana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu askari na watumishi wa serikali ya kikoloni walirudi nazo kwao, na sasa zimo katika masanduku ya sarafu mchanganyiko yanayouzwa kwa uzito. Nazo za Aden zilibaki huko, hivyo haishangazi kuziona zikiuzwa na Wayemeni.

Nyumbani nako kuna hazina. Ukimwomba bibi akuonyeshe sarafu zake, mwache yeye asimulie, na andika anachosema kabla hujaomba kununua, kwa kuwa sarafu yenye maelezo ya mahali ilipotoka ina uzito ambao mizani haiupimi. Akikataa kuitoa, mshukuru na uiache ilipo.

Neno moja kuhusu zile habari zinazosambazwa katika simu kwamba kuna mtu anayenunua sarafu za kikoloni kwa mamilioni ya shilingi. Mnunuzi wa kweli hakuombi utangulize ada ya usajili wala ya kupimiwa sarafu. Ukiona umeombwa pesa ili upewe pesa, wewe ndiye unayeuzwa.

Usisafishe sarafu zako. Najua mkono utawasha, kwani sote tumelelewa kusugua sufuria kwa majivu na kung'arisha shaba kwa ndimu, na senti kumi iliyojaa weusi inaonekana kama inayoomba kuogeshwa. Niliwahi kuitia moja ndani ya juisi ya ndimu kwa robo saa. Ilitoka na rangi ya waridi kama ngozi iliyochubuka, mng'ao usio wake, na hadi leo, baada ya miaka, haijarudi kuwa kahawia. Rangi ile nyeusi au ya kahawia ni ngozi ya bronzi inayoilinda. Ukiichuna umeiua sarafu mbele ya mkusanyaji yeyote. Kinachoruhusiwa ni kuondoa udongo tu: iloweke siku moja au mbili katika maji safi yanayouzwa kwa kujazia betri, hakikisha ni maji na si asidi yake, kisha ikaushe kwa kugusagusa kwa kitambaa laini cha pamba bila kusugua. Unga wa kijani unaochimbuka ndani ya tundu au kandokando ya maandishi ni jambo jingine, huo ni ugonjwa wa chumvi na huendelea kula. Sarafu ya namna hiyo usiinunue, na ukiwa nayo tayari itenge na nyingine.

Sisi tunaoishi pwani tuna adui wawili, unyevu na chumvi iliyomo hewani. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu kali haifai, kwa sababu baada ya muda hutoa majimaji yanayonata na kuifanya bronzi igeuke kijani. Tumia vile vishikio vya karatasi ngumu vyenye dirisha jembamba, na ukivibana kwa pini za stepla zigandamize kwa koleo ili zisikwaruze sarafu ya jirani, kisha uzikague kila mwaka, kwani pini nazo hushika kutu. Weka vyote katika kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe kila baada ya masika. Shika sarafu kwa ukingo tu, si kwa uso, hata kama umenawa.

Daftari ni sehemu ya mkusanyo. Kwa kila sarafu andika thamani, mwaka, maandishi, herufi ya kiwanda, uzito ulioupima mwenyewe, siku uliyoipata, mahali na bei. Weka ukurasa mmoja mbele wenye miraba kumi na miwili, safu ya senti tano juu na ya senti kumi chini, uijaze kadiri unavyoendelea. Ukipata nzuri kuliko ile uliyonayo, badilisha, na ile ya zamani itoe siku hiyo hiyo kwa kuiuza, kubadilishana au kumpa mtoto anayeanza, la sivyo kopo litarudi kwa mlango wa nyuma.

Miraba yote ikijaa, unaweza kupanua kwa hatua moja ndogo. Hatua ninayoipendekeza ni kumchukua Edward peke yake na kutafuta herufi zake zote, yaani senti tano mbili na senti kumi tatu, ambapo utahitaji nyongeza ya sarafu tatu tu juu ya zile ulizonazo. Mimi nina nne kati ya hizo tano. Inayokosekana ni senti tano yenye KN, ambayo nimeikuta mara mbili, zote zikiwa na ule unga wa kijani ndani ya tundu, na mara zote mbili nimeirudisha katika sahani ya muuzaji.